Fedha Zimefika Zahanati, Ukaguzi Bado Uko Njiani

Katika mwaka wa fedha 2017/18 Serikali ya Tanzania ilifanya jambo ambalo watu wa afya walikuwa wameliomba kwa miaka mingi. Fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, zilizokuwa zikipitia akaunti ya halmashauri, zilianza kutumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, ya kituo cha afya na ya hospitali. Kabla ya hapo zahanati ilikuwa mstari tu kwenye bajeti ya mtu mwingine. Mganga mfawidhi akihitaji glovu, au bati la kuziba paa linalovuja juu ya chumba cha kujifungulia, aliandika barua kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na kusubiri. Na kilichokuja, kama kilikuja, mara nyingine hakikuwa alichoomba. Baada ya mabadiliko hayo akawa na akaunti yake benki, mpango wake wa mwaka, na mfumo wa kompyuta wa kuandikia hesabu, ule unaoitwa kwa kifupi FFARS.

Naunga mkono uamuzi huo bila kusita. Anayemwona mgonjwa ndiye anayejua kipi kimekwisha kabatini. Lakini fedha ya umma inapohama, madaraka huhama nayo, na hatari huhama pia, na hapo ndipo mradi huu mzuri ulipoacha pengo ambalo hadi leo halijazibwa. Fedha zilishuka hadi kijijini. Ukaguzi wa ndani, pamoja na watu wake, gari lake na muda wake, ulibaki makao makuu ya wilaya.

Tutazame nani alikabidhiwa nini. Shilingi zilipokuwa halmashauri, aliyezijibia alikuwa mweka hazina mwenye wahasibu, afisa ununuzi, mwanasheria na chumba cha kutunzia majalada. Sheria ya Fedha za Umma, Sheria ya Ununuzi wa Umma, masharti ya Mamlaka ya Mapato kuhusu risiti, miongozo ya Mfuko: vyote vilikuwa na mtu wa kuvisoma. Zahanati nyingi za vijijini zina watumishi wawili au watatu. Mfawidhi mara nyingi ni tabibu, pengine muuguzi, na siku ile ile anayotakiwa kuandaa hati ya malipo ndiyo siku anayompokea mama mwenye uchungu, anatoa chanjo, na kujaza vitabu vya MTUHA, yaani vya taarifa za huduma za afya. Serikali iliajiri wahasibu wasaidizi, likawa jambo jema, lakini wengi walipangwa kwenye vituo vya afya wakitarajiwa kuzisaidia na zahanati za jirani. Neno jirani, katika wilaya zetu, linaweza kumaanisha mwendo wa nusu siku kwa pikipiki.

Sheria inataka kila halmashauri iwe na mkaguzi wake wa ndani. Mwaka 2010 marekebisho ya Sheria ya Fedha za Umma yalianzisha nafasi ya Mkaguzi Mkuu wa Ndani wa Serikali, ili kada hii ipate msimamizi wa kitaifa. Juu yao yupo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye humkabidhi Rais ripoti zake ifikapo mwisho wa Machi, na mwezi wa nne zinawasilishwa bungeni na magazeti yanajaa. Kelele zetu zote huishia Aprili, kwenye ripoti ya mambo yaliyokwisha kutokea. Mkaguzi wa nje huja kuihesabu hasara; wa ndani yumo nyumbani mwaka mzima na angeweza kuizuia. Kwa hiyo, tukitaka kujua zahanati italindwaje, wa kumtazama kwanza ni huyu wa ndani.

Hali yake si ya kuonea wivu. Kitengo chake kina watu wachache, na watu hao hao ndio wanaokagua shule za msingi na za sekondari, serikali za vijiji, makusanyo ya ushuru na ujenzi wa madarasa. Kiutawala anaripoti kwa mkurugenzi ambaye matumizi yake ndiyo anayoyakagua. Mara nyingi gari la kumfikisha vijijini inabidi aliazime kwa idara nyingine, wakati mwingine idara ile ile anayokwenda kuikagua. Matokeo yake, zahanati iliyo ng'ambo ya mto, isiyofikika wakati wa masika, inaweza kupita mwaka bila kuona mkaguzi, kisha ikatembelewa asubuhi moja. Asubuhi moja inatosha kwa jambo moja tu: kufungua jalada la hati za malipo na kuangalia karatasi gani haipo.

Ndivyo hoja nyingi za ukaguzi zinavyozaliwa, na ningependa tukae kidogo kwenye mojawapo, kwa sababu inafundisha mengi.

Zahanati imemlipa fundi aliyerekebisha pampu ya maji. Imemlipa pia kijana wa bodaboda aliyepeleka sampuli za makohozi kwenye kituo cha afya zikapimwe kifua kikuu. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye mashine ya risiti za kielektroniki, EFD, wala sheria haimlazimishi mfanyabiashara ambaye mauzo yake hayajafikia kiwango kuwa nayo. Mkaguzi anauliza: "Daktari, risiti ya EFD iko wapi?" Haipo, na haikuwahi kuweza kuwepo. Hoja inaandikwa: malipo yasiyo na viambatisho. Tabibu anabaki na njia tatu. Aache kulipa, na pampu ikae imekufa. Alipe, na kila mwaka ajibu hoja ile ile. Au aende mjini kwa mwenye duka mwenye mashine, akatiwe risiti ya bidhaa ambazo hazijanunuliwa. Njia ya tatu ndiyo pekee inayolifanya jalada lionekane safi. Kanuni iliyowekwa kuzuia udanganyifu inakuwa imemsukuma mtu mwadilifu kwenye udanganyifu wake wa kwanza, na mkaguzi anayeridhika na risiti iliyobandikwa hataujua kamwe.

Jambo hili si dogo hata kidogo. Anayezoea kutafuta risiti kwa ajili ya pampu iliyotengenezwa kweli, kesho anaweza kuitafuta kwa ajili ya pampu ambayo haikuguswa. Mkaguzi anayejali angeuliza swali lingine kabisa: katika mazingira haya, ni ushahidi gani unaopatikana? Saini ya fundi na namba yake ya simu, muamala wa simu ulioingia kwa jina lake, uthibitisho wa mjumbe wa kamati aliyeona maji yakitoka. Kisha angelipeleka suala hilo juu, kwa mwenye uwezo wa kutoa mwongozo, badala ya kuliacha lizunguke kati ya zahanati na halmashauri mwaka hadi mwaka.

Kwenye dawa mambo yanakwenda hivyo hivyo. Zahanati inaagiza Bohari ya Dawa, MSD. Isipopata huko, inaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyechaguliwa na mkoa. Utaratibu huo ulianza Dodoma mwaka 2014 na kufikia 2018 ulikuwa umesambazwa nchi nzima. Ni moja ya mafanikio ambayo hatuyasifii vya kutosha. Lakini ili kununua kwa mshitiri kihalali, lazima kuwe na uthibitisho wa MSD kwamba dawa haipo. Uthibitisho ukichelewa wakati watoto wa homa wako kwenye benchi, tabibu atanunua kwanza. Hoja itaandikwa kwa jina la zahanati, ingawa kucheleweshwa kulitokea mbali nayo.

Au tazama boksi la dawa zilizokwisha muda. Zahanati haina ruhusa ya kuziteketeza yenyewe nyuma ya choo, na ni vizuri iwe hivyo, maana uteketezaji unafuata utaratibu wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba wenye maombi, uhakiki na usimamizi. Boksi linakaa pembeni ya stoo. Mkaguzi wa mwaka huu analiandika, wa mwaka ujao naye analiandika. Ni wachache wanaorudi nyuma kuuliza dawa hizo zililetwa zikiwa zimebakiza miezi mingapi, na kama kulikuwa na zahanati nyingine wilayani iliyokuwa inazitafuta wakati huo huo. Majibu yako kwa mfamasia wa wilaya na kwa waliozisambaza. Yule ambaye kosa lake pekee ni kupokea mzigo ndiye anayetakiwa kujieleza.

Hayo ni ya zamani, tumeyazoea. Vihatarishi vipya ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa orodha ya mkaguzi haijavifikia.

Mifumo ya kompyuta imeongezeka kwa kasi. FFARS ni wa hesabu, GoTHOMIS ni wa wagonjwa na makusanyo, na tangu mwaka 2023 kuna NeST ya ununuzi iliyochukua nafasi ya TANePS. Kila mfumo umejengwa ukidhani kuna watu tofauti: anayeomba, anayeidhinisha, anayelipa. Huo ndio mgawanyo wa majukumu, nguzo ya udhibiti wa ndani popote duniani. Kwenye zahanati ya watumishi wawili, mmoja akiwa likizo ya uzazi, anayeomba na anayeidhinisha ni yule yule, akitumia nywila ya mwenzake iliyoandikwa nyuma ya daftari. Kompyuta itaonyesha watu watatu waliohusika. Jalada la karatasi angalau lilikuwa na mwandiko wa kulinganisha.

Taarifa za wagonjwa nazo zina hatari yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na tume ya kuisimamia ipo. Wakati huo huo, taarifa za haraka kutoka vituoni hutumwa kwa namna iliyo rahisi: simu inatolewa, ukurasa wa rejista unapigwa picha, picha inatumwa kwenye kundi la WhatsApp. Ukurasa huo unaweza kuwa wa kitabu namba 6, cha wajawazito, penye jina, kijiji, na majibu ya kipimo cha Virusi vya Ukimwi. Hakuna aliyekusudia ubaya; taarifa ilitakiwa kabla ya saa nane mchana. Ni mkaguzi gani aliyewahi kuuliza picha hizo ziko kwenye simu ngapi? Fedha iliyopotea inaweza kurudishwa kwa kukatwa mshahara wa aliyeipoteza. Siri ya mama huyo ikishatoka hairudi.

Kisha kuna bima. Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao mbegu yake ilipandwa Igunga katikati ya miaka ya 1990, umeboreshwa. Vijijini kaya ya hadi watu sita iliwekewa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka. Upande wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, zahanati hujaza fomu za madai, na kosa dogo la kujaza huzaa makato. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itaongeza sana idadi ya madai hayo. Mapato ya zahanati yakitegemea madai, kalamu inapata kishawishi kipya. Kenya wametutangulia: Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF yao Oktoba 2024, na kabla mwaka haujapita, Agosti 2025, Waziri wa Afya Aden Duale alikuwa akitangaza kusimamishwa kwa vituo kadhaa kwa tuhuma za madai ya uongo, zikiwemo za wagonjwa wa nje kuandikwa kama waliolazwa.

Kwa madai ya aina hiyo, kukagua karatasi moja moja hakusaidii, kwa sababu fomu ya uongo mara nyingi ndiyo iliyojazwa vizuri kuliko zote. Kinachosaidia ni kulinganisha kumbukumbu ambazo ni vigumu zote kudanganya pamoja. Chukua malaria. Kitabu cha maabara kinaonyesha vipimo vya haraka vilivyotoa majibu chanya ni vingapi kwa mwezi. Kitabu namba 5, cha wagonjwa wa nje, kinaonyesha waliopewa dawa mseto. Leja ya stoo inaonyesha dozi zilizotoka. Fomu za bima zinaonyesha waliodaiwa. Namba hizo nne zikikaribiana, mkaguzi anaweza kulala usingizi. Zikipishana sana, sasa ana jambo la kuuliza, na ni jambo linalogusa fedha na pia tiba, maana pengine anachokuta ni watoto waliopewa dawa ya malaria bila kuwa na ugonjwa huo. Kazi hiyo inachukua saa chache na haihitaji programu yoyote. Inahitaji mkaguzi aliyefundishwa kusoma vitabu vya MTUHA, na hapa ndipo tuna upungufu: tumewaandaa wakaguzi wa hesabu vizuri, tukasahau kuwaeleza zahanati inafanya kazi gani.

Mwaka 2025 ulituletea kihatarishi kingine, cha ghafla. Tarehe 20 Januari Rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Katika vituo vingi vya tiba na matunzo ya wenye VVU, waliokuwa wakiingiza takwimu walilipwa na wadau wa nje. Hata FFARS wenyewe ulijengwa, na watumiaji wake wakafundishwa, kwa mchango wa mradi wa PS3 uliofadhiliwa na Marekani. Kila halmashauri inatakiwa kuwa na rejista ya vihatarishi. Ningependa kila mkaguzi wa ndani afungue ile ya mwaka 2024 atazame kama ilikuwa na mstari unaosema: mfadhili anaweza kuondoka ndani ya wiki moja, na akiondoka nani ataingiza takwimu? Kama mstari huo haukuwepo, rejista ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya kuonyeshwa wakaguzi wa nje.

Viwango vipya vya kimataifa vya ukaguzi wa ndani, vilivyotolewa Januari 2024 na kuanza kutumika Januari 2025, vinasisitiza mpango wa ukaguzi utokane na vihatarishi, na mkaguzi awe mshauri pia. Kwa maandishi sisi tayari tuna ngazi zinazotakiwa. Mfawidhi ndiye wa kwanza kudhibiti. Nyuma yake ipo timu ya afya ya halmashauri yenye usimamizi shirikishi. Mkaguzi wa ndani anakuja wa tatu, kuthibitisha kwamba wawili hao wanafanya kazi. Nionavyo, ngazi ya kati ndiyo inayolegea. Usimamizi shirikishi ukigeuka kuwa safari ya kujaza fomu ya ukaguzi na kusaini kitabu cha wageni, mfawidhi anaachwa peke yake mbele ya mkaguzi, na mkaguzi anayachukua mafundisho yaliyotakiwa kutolewa miezi sita kabla na kuyaandika kama hoja.

Tunajua kazi hii inaweza kufanyika kwa namna nyingine, kwa kuwa tumeshafanya. Mwaka 2015 Wizara ya Afya ilianza kuvipima vituo kwa nyota, kutoka sifuri hadi tano. Vituo vingi vilipata sifuri au nyota moja, na aibu ilikuwa kubwa. Ila kila kituo kilibaki na mpango wake wa kuboresha, wenye kazi za kufanywa na kituo na kazi za kufanywa na ngazi za juu, na upimaji wa pili ulikuta hali imepanda. Tofauti na hoja za ukaguzi, matokeo yale yaligawa lawama pamoja na uwezo wa kurekebisha.

Hoja za ukaguzi zinaweza kuandikwa vivyo hivyo kesho asubuhi. Mbele ya kila hoja kuwe na safu moja zaidi: nani ana uwezo wa kuifunga? Zahanati, mfamasia wa wilaya, mkurugenzi, MSD, TAMISEMI, Mamlaka ya Mapato? Kamati ya Ukaguzi ya halmashauri ikiona hoja nyingi za zahanati zinaangukia kwenye safu zisizo za zahanati, itakuwa na mazungumzo tofauti kabisa na mkurugenzi.

Na kuna chombo kimoja ambacho ukaguzi hukipita karibu kila mara: kamati ya usimamizi wa zahanati. Ina wawakilishi wa wananchi, mfawidhi akiwa katibu, na matumizi yanatakiwa kupita kwake. Mkaguzi huangalia kama muhtasari wa kikao una saini za kutosha. Muhtasari unaweza kuandikwa baada ya manunuzi kukamilika, saini zikakusanywa nyumba kwa nyumba, na bado ukaonekana safi. Mwenyekiti wa kamati, ambaye pengine ni mkulima asiyejua usuluhishi wa hesabu za benki ni kitu gani, anajua fundi alikaa juu ya paa siku ngapi na bati ngapi ziliingia, na anajua kama dawa mseto zilikuwepo wiki ile mjukuu wake alipougua. Lakini ripoti husomwa wilayani. Yeye haulizwi wakati wa kukagua wala hasomewi kilichopatikana. Kikao cha kufunga ukaguzi kingeweza kufanyika pale pale zahanati, kamati ikiwepo, kwa Kiswahili cha kawaida. Hakihitaji sheria mpya. Kinahitaji mkaguzi abaki kijijini hadi saa kumi jioni, watu wakishatoka shambani, na gari aliloazima kwa idara likubali kumsubiri.